Tusiache mbachao: Lenzi za zamani katika kamera mpya

Wazee wetu walituachia methali isemayo, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Katika kazi ya upigaji picha methali hiyo ina maana iliyo wazi kabisa. Katika ofisi nyingi za habari, ziwe za serikali, za majeshi au za magazeti, utalikuta kabati ambalo ndani yake zimelala lenzi zilizonunuliwa enzi za filamu. Miili ya kamera zilizozibeba imekwisha kuharibika siku nyingi. Lenzi zenyewe, ambazo hazina nyaya wala betri, bado ni nzima. Hata hivyo, inapofika kamera mpya ya dijitali, lenzi hizo huandikwa katika orodha ya vitu vya kutupwa, na ofisi hubaki na kamera ya thamani kubwa yenye lenzi moja tu ndogo iliyokuja nayo ndani ya boksi.

Nia ya makala haya ni kumwonyesha mpiga picha anayeanza kazi jinsi ya kuifunga lenzi ya zamani katika kamera mpya, jinsi ya kuitumia, na wakati gani wa kuiweka kando. Sisi tulio katika kazi ya uhusiano jeshini tunalo la kusema juu ya jambo hili, kwa kuwa kamera hutufuata kila mahali: katika gwaride la Tarehe Sita, katika viwanja vya mazoezi, na katika mazishi.

Hilo la mwisho ndilo linalotufanya tuyaandike haya. Askari anapofariki akiwa kazini, jamaa zake huja kuomba picha yake iliyo bora. Picha ya simu hutosha kwa kutumiana salamu, lakini mara nyingi haitoshi kukuzwa na kuwekwa mbele ya jeneza. Hapo hutafutwa ile iliyopigwa na mpiga picha wa kikosi siku ya kuhitimu mafunzo au siku ya kuvishwa cheo. Mama wa marehemu haulizi kamera ilikuwa ya mwaka gani, wala lenzi ilitengenezwa wapi. Hutazama tu kama macho ya mwanawe yanaonekana. Ikiwa macho yana ukungu na kitufe cha shati ndicho kilicho wazi, hakuna awezaye kuirudia picha hiyo.

KISA CHA MWAKA 1950

Si jambo geni kuifunga lenzi ya kampuni moja katika kamera ya kampuni nyingine. Mwaka 1950 mpiga picha wa Marekani, David Douglas Duncan, aliyekuwa akilitumikia gazeti la Life, alikuwa mjini Tokyo. Bwana huyu alikuwa amepata kuwa askari wa Marine na mpiga picha wa jeshi hilo katika Vita Kuu ya Pili. Kijana mpiga picha wa Kijapani, Jun Miki, alimpiga picha kwa lenzi ya Nikkor ya milimita 85, na Duncan alipoiona picha hiyo alishangaa kwa jinsi ilivyokuwa kali. Wakati huo bidhaa za Japani zilidharauliwa na watu wa Ulaya na Marekani. Duncan hakujali dharau hiyo. Alikwenda katika kiwanda cha Nippon Kogaku, akazipima lenzi zao, kisha akazifunga katika kamera zake za Leica za Ujerumani. Vita vya Korea vilipozuka mwezi Juni mwaka huo huo, alikwenda nazo mstari wa mbele. Picha alizoleta za askari waliochoka, wenye baridi na njaa, ziliwafanya wapiga picha wengi duniani kuzitafuta lenzi hizo za Kijapani.

Mfano wa pili ni lenzi ya Nikkor ya milimita 105 yenye tundu la f/2.5. Lenzi hiyo ilianza kutengenezwa kwa ajili ya kamera ya Nikon F mwaka 1959. Steve McCurry aliitumia lenzi ya aina hiyo mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi nchini Pakistani, alipompiga picha msichana wa Afghanistan ambaye uso wake ulitokea katika jalada la National Geographic mwezi Juni 1985. Lenzi kama hizo zingali zikipatikana mitumbani, na baadhi yake zimo katika makabati tuliyoyataja.

KWA NINI KAMERA MPYA HUIKUBALI LENZI YA ZAMANI

Kila lenzi hutengenezwa ili ikae katika umbali maalumu kutoka mahali picha inapoangukia. Zamani picha iliangukia juu ya filamu. Leo huangukia juu ya kihisi. Umbali huo hupimwa kutoka mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, mpaka kwenye kihisi. Katika kamera za Nikon za mdomo wa F ni milimita 46.5. Katika lenzi za skrubu ya M42, ambazo zilitumiwa na Pentax, Praktica na Zenit, ni milimita 45.46. Katika lenzi za Canon FD ni milimita 42.

Umbali huo ulikuwa mrefu kwa sababu ndani ya kamera hizo palihitajika nafasi ya kioo kinachopanda na kushuka. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitoa kamera ya G1, ambayo ilikiondoa kioo hicho na kuweka kitazamio cha umeme. Mwaka 2013 Sony walitoa kamera ya A7 yenye kihisi cha ukubwa wa filamu kamili, na mwaka 2018 Nikon na Canon wakaifuata njia hiyo. Kwa kuwa kioo kimeondoka, umbali umepungua sana: milimita 18 kwa Sony, milimita 20 kwa Canon RF, na milimita 16 kwa Nikon Z.

Hapo ndipo ilipo siri yote. Ikiwa lenzi inataka milimita 46.5 na kamera ina milimita 16, yanabaki milimita 30.5. Nafasi hiyo hujazwa na bomba fupi la chuma lisilo na kioo ndani yake, liitwalo adapta. Lenzi hukaa pale pale ilipokusudiwa kukaa, na haijui kwamba nyuma yake filamu imeondoka na kihisi kimekuja.

Kinyume chake hakiwezekani. Lenzi inayotaka umbali mfupi haiwezi kutumika katika kamera yenye umbali mrefu, maana bomba haliwezi kuwa na urefu ulio chini ya sifuri. Ndiyo sababu lenzi ya M42 iliyofungwa katika kamera ya Nikon ya kioo haioni vizuri vitu vya mbali, mpaka adapta iongezwe kioo cha kurekebisha, na kioo hicho mara nyingi hupunguza ubora wa picha.

Anayetumia kamera ya Nikon ya dijitali yenye kioo na akataka kuifunga lenzi ya Nikkor moja kwa moja, na atahadhari. Lenzi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1977, ambazo pete yake haijakatwa upya na fundi, zaweza kuvunja kidole kidogo kilicho ukingoni mwa mdomo wa kamera nyingi za namna hiyo. Lenzi za AI, zilizoanza mwaka huo wa 1977, hazina hatari hiyo. Lakini hata lenzi hizo za AI, zikifungwa katika kamera ndogo kama D3500 au D5600, hazitapimiwa mwanga. Mpiga picha itambidi akadirie mwenyewe. Kamera kama D750 na D850 huzipimia bila taabu.

KUCHAGUA ADAPTA NA KUIJARIBU

Adapta nzuri hufunga kwa kukaza, haichezi, na haina rangi ya kung'aa upande wa ndani. Ukiipata, ijaribu kabla ya kwenda kazini. Elekeza lenzi kwenye kitu kilicho mbali sana, kama mnara wa simu juu ya kilima, kisha zungusha pete mpaka alama ya umbali usio na mwisho. Mnara ukiwa mkali, adapta ni sawa. Ukiwa mkali kabla ya kufika kwenye alama, adapta ni fupi kidogo; si balaa, ila vipimo vya umbali vilivyochorwa juu ya lenzi havitakuwa vya kuaminika. Ukikataa kabisa kuwa mkali, adapta ni ndefu, nayo irudishwe dukani.

Kabla ya kuifunga lenzi yoyote, tazama nyuma yake. Baadhi ya lenzi zina kioo au kidole cha chuma kinachochomoza ndani sana. Ukiona ugumu usio wa kawaida wakati wa kuzungusha, usitumie nguvu.

Jambo jingine la kufahamu ni ukubwa wa kihisi. Filamu ya kawaida ilikuwa na milimita 24 kwa 36. Kamera yenye kihisi cha ukubwa huo huitumia lenzi kama ilivyokuwa. Kamera zenye kihisi kidogo zaidi hukata kingo za picha, na lenzi huonekana kana kwamba imerefuka: mara 1.5 kwa kamera nyingi ndogo za Nikon, Sony na Fujifilm, mara 1.6 kwa zile ndogo za Canon, na mara 2 kwa Micro Four Thirds. Basi lenzi ya milimita 50, iliyokuwa lenzi ya kawaida, katika kamera ya 1.5 itatazama kama ya milimita 75. Kwa picha za nyuso hiyo ni faida. Kwa kumpiga picha kamanda akiwa na platuni nzima katika chumba kidogo, ni hasara.

SIKU YA KWANZA NA KAMERA MPYA

Kamera mpya ina menyu ndefu inayoweza kumtisha mwanafunzi. Lakini kwa lenzi ya zamani mambo ya lazima si mengi.

Kwanza, chaji betri mpaka ijae, kisha weka tarehe na saa sahihi. Hili huonekana dogo, lakini picha isiyo na tarehe ya kweli haina thamani katika maktaba. Pili, iandae kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera hiyo hiyo itakayotumika, baada ya kuhakikisha kwamba picha za zamani zimehifadhiwa kwingine. Tatu, agiza kamera itunze faili ghafi pamoja na JPEG. Faili ghafi husamehe mengi ambayo JPEG haiyasamehi.

Nne, katika kamera za baadhi ya kampuni iko amri ya kuruhusu shata ifanye kazi bila lenzi. Kwa kuwa lenzi ya zamani haina umeme, kamera hudhani haina lenzi kabisa na hukataa kupiga. Amri hiyo iwashwe. Tano, ikiwa kihisi cha kamera kina uwezo wa kujituliza dhidi ya mtikisiko wa mkono, iambie kamera urefu wa lenzi uliyoifunga. Ukiiacha katika milimita 50 huku umefunga lenzi ya 200, kamera itajituliza kwa kipimo kisicho chake, na picha itatikisika badala ya kutulia.

Sita, tumia hali ya A, ambayo katika Canon huandikwa Av. Hapo wewe huchagua tundu la mwanga kwa pete iliyo juu ya lenzi, nayo kamera huchagua kasi ya shata. Kwa watu wanaotembea, usikubali kasi iliyo chini ya 1/250 ya sekunde. Mwanga ukipungua, ongeza ISO pasipo woga. Punje chache juu ya picha huvumilika, lakini uso uliofifia kwa mwendo hauna dawa.

MACHO YAWE MAKALI

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa lenzi ya zamani haijilengi yenyewe. Kamera mpya, hata hivyo, zimeleta misaada miwili ambayo wapiga picha wa filamu hawakuwa nayo. Wa kwanza ni rangi, nyekundu au njano, inayochorwa na kamera kwenye kingo za vitu vilivyo makali. Wa pili ni kukuza sehemu ndogo ya picha ndani ya kitazamio kwa kubonyeza kitufe kimoja. Rangi hutosha kwa kazi ya haraka. Kwa picha ya uso, rangi peke yake hudanganya. Kuza jicho lililo karibu nawe, zungusha pete polepole mpaka unyusi uonekane mmoja mmoja, kisha piga.

Uangalifu huu una sababu. Lenzi ya milimita 105 ikiwa wazi kabisa katika f/2.5, na askari akiwa mita 2 mbele yako, eneo lililo kali lina kina cha sentimita 5 hivi. Ukilenga ncha ya pua, macho huanza kupotea. Funga tundu mpaka f/5.6, nawe utapata zaidi ya mara mbili ya kina hicho.

Kwa gwaride linalopita, ifuate mbinu ya zamani ya kulenga kabla. Chukua lenzi ya milimita 35, funga tundu mpaka f/8, weka umbali wa mita 5. Kwa vipimo vya filamu, kila kitu kuanzia mita 2.5 mpaka mbali kabisa kitakuwa kikali vya kutosha, wala huna haja ya kugusa pete tena. Lakini kihisi cha leo ni kidadisi kuliko filamu, hivyo ni busara kufunga tundu hatua moja zaidi, yaani f/11. Mbinu hiyo hufaa hasa pale safu zinapopita upesi.

JUA LETU NA NYUSO ZETU

Jua la saa sita mchana katika nchi zetu za Ikweta linahesabika hata bila mashine. Kanuni ya zamani husema: chini ya jua kali weka tundu f/16, na kasi iwe sawa na namba ya ISO. Kwa ISO 200, basi, ni 1/200 kwa f/16, au 1/800 kwa f/8. Anayeijua kanuni hiyo hatakwama hata kama kamera yake inakataa kupima mwanga wa lenzi yake.

Walakini kanuni hiyo hupima uwanja, haipimi uso ulio chini ya kofia. Askari mwenye ngozi nyeusi, aliyevaa kofia yenye ukingo, jua likiwa utosini, uso wake umo kivulini. Kamera huona sare, nyasi na anga, ikaridhika, na uso ukawa giza tupu. Fungua tundu hatua moja au moja na nusu zaidi ya kamera inavyotaka. Anga itapauka, na ipauke. Watu hawakuja kutazama anga.

Lenzi za zamani pia huogopa jua linaloingia moja kwa moja, kwa sababu utando wake wa kuzuia mwako si mzuri kama wa leo. Weka kikinga jua mbele ya lenzi. Kikikosekana, hata kofia iliyoshikwa juu yake husaidia. Baadhi ya lenzi za Takumar za milimita 50 zenye f/1.4 zina kioo chenye thoriamu, ambacho hugeuka njano kwa miaka. Rangi hiyo hurekebishwa kwa urahisi katika kipimo cha weupe cha kamera ya dijitali.

MARADHI YA LENZI

Adui mkubwa wa lenzi katika nchi yenye mvua na ziwa kubwa ni kuvu. Huota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui, hasa lenzi inapofungiwa katika mfuko wa ngozi ndani ya kabati lenye giza na unyevu. Ili kuigundua, fungua tundu lote, angaza kwa tochi upande mmoja na utazame kwa upande mwingine. Kuvu changa husafishwa na fundi. Ikiachwa, hula utando wa kioo, na alama zake hazifutiki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kinga yake haina gharama kubwa: sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana na vifuko vya silika ndani yake. Silika ikijaa unyevu, ikaushwe kwa joto na kurudishwa. Unyevu wa asilimia 40 mpaka 50 unafaa. Lenzi inayotumiwa mara kwa mara haipati kuvu kwa urahisi kama ile inayohifadhiwa kama hirizi.

Tazama pia mabapa ya tundu. Yakiwa na mafuta, hufunga kwa uvivu, na mwanga hautakuwa sawa. Pete ikiwa ngumu, grisi imekauka. Kazi hiyo ni ya fundi, si ya bisibisi ya askari.

Kwa upande wa kamera, kumbuka kwamba isiyo na kioo huacha kihisi wazi kila lenzi inapofunguliwa. Vumbi la Karamoja halibishi hodi. Zima kamera, geuza mdomo wake chini, ipe upepo mgongo, na ubadili lenzi upesi. Vumbi likiingia, tumia mpira wa kupulizia. Usipulize kwa kinywa, maana mate hukauka yakawa madoa.

MPAKA WA KAZI YAKE

Tusiseme kwamba lenzi ya zamani hufanya kila kitu. Kwa wanariadha wanaokimbia kuelekea kamera, kwa shughuli za usiku, na kwa tukio litokealo ghafla, lenzi mpya inayojilenga na kulitambua jicho la mtu yenyewe haina mshindani. Ofisi iliyo na fedha na iinunue. Lakini picha za nyuso, makundi, majengo, mandhari na shughuli zilizopangwa, ambazo ndizo nyingi katika kazi yetu, zaweza kupigwa vema kwa lenzi ya miaka 40 ikiwa mkononi mwa mtu aliyejifunza.

Tunawashauri wakuu wa ofisi za habari wayafungue makabati hayo kabla ya kutia sahihi orodha za vitu vya kutupwa. Kila lenzi iangaliwe kwa tochi, iandikwe aina yake, urefu wake na hali yake, kisha itafutiwe adapta. Vijana wapewe lenzi moja kila mmoja, ya milimita 50 ikiwezekana, waitumie mwezi mzima pasipo kuibadili, mpaka mkono uijue pete gizani.

Tena, kwa kuwa lenzi isiyo na umeme haiandiki habari zake ndani ya faili, mpiga picha awe na daftari mfukoni. Aandike lenzi na tundu alilotumia, apate kujifunza. Muhimu kuliko hayo, aandike mahali, tukio, na majina kamili ya watu kwa mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia, siku ile ile, kabla ya kulala. Siku jamaa watakapokuja kuulizia picha, jambo la kwanza litakalotafutwa ni jina.